Amplifaya Tano Sebuleni

Septemba 28

Daftari hili nimenunua kwa amri ya muuguzi. Siku tuliporuhusiwa kutoka hospitali Masasi alinishika mkono akaniambia niandike kila siku: mgonjwa amekula nini, dawa amemeza ngapi, mkono wa kulia umecheza au haujacheza, kisha nilipeleke kliniki kila mwezi. Nikamwambia mimi ni fundi cherehani, kalamu yangu ni chaki. Akacheka, akasema hata mafundi huandika vipimo. Haya, naandika vipimo.

Mgonjwa ni mume wangu, Nikolao, Baba Gift. Kiharusi kilimpata mwezi wa nane akiwa shambani, anapulizia mikorosho. Upande wa kulia wote umelala na ulimi umefungwa. Anasikia kila kitu, anaelewa kila kitu, ila neno halitoki hata moja. Mtu aliyeimba miaka thelathini mbele ya watu.

Tumefika Newala jioni. Uji vijiko vitano. Dawa zote. Mkono wa kulia: bado.

Septemba 30

Uji vijiko sita. Mkono wa kulia: bado.

Nieleze na hali ya nyumba, maana muuguzi hakuiona. Ukumbi ambao bendi ya Baba Gift ilikuwa ikifanyia mazoezi, mwenye ukumbi ameuchukua aweke korosho. Kila msimu hufanya hivyo, na kila msimu vyombo vya bendi huhamia kwangu. Mwaka huu vimekuja mimi nikiwa peke yangu, binti yetu Gift yuko na baba yake hospitalini. Amplifaya tano, makasha sita ya magitaa na kinanda, stendi, mafungu ya waya. Wanamuziki walivitupa barazani wakasema pole Mama Gift, wakaondoka. Nikavipanga mwenyewe. Cherehani yangu imehamia nje chini ya bati.

Niseme ukweli, kazi hiyo niliifanya kwa akili. Sakafu yetu ni ya udongo, inapanda unyevu, na mchwa tunao. Nikaona ile mifuko ya salfa, dawa ya mikorosho, iliyobaki, mifuko minane aliyokuwa hajaimaliza kupulizia, imekaa stoo bure na stoo inavuja. Nikaihamishia sebuleni, nikailaza kwenye kona kama jukwaa, juu yake ubao, juu ya ubao mkeka, juu ya mkeka amplifaya zote tano, kubwa nyuma ndogo mbele. Makasha nimeyasimamisha kando kwa urefu, kama watoto wa shule mstarini. Salfa haijanyeshewa, vyombo havijagusa chini. Jirani yangu Faidha alipoona akasema kweli mwanamke ni nyumba.

Oktoba 3

Uji vijiko vitano, kisamvu kidogo. Bado.

Kitanda chake nimekiweka chumba cha mbele, mlango wazi, ili avione vyombo vyake akiwa amelala. Nilidhani atafurahi. Leo ameinua mkono wa kushoto, ule mzima, akaelekeza kidole kwenye kona ya vyombo. Akaushikilia hewani mpaka ukaanza kutetemeka. Nikamwambia nimekuelewa, vyombo vyako vipo salama. Akatikisa kichwa. Nikasogeza kasha moja. Akatikisa kichwa.

Oktoba 4

Ameelekeza tena. Nimepanga makasha upya, la besi mbele. Sivyo.

Oktoba 5

Sivyo.

Oktoba 8

Leo tumehangaika asubuhi nzima. Yeye anaelekeza kona, mimi ninahamisha. Amplifaya ya solo kushoto, ya besi kulia. Sivyo. Ya sauti katikati. Sivyo. Nimefunika zote kwa kitambaa, labda vumbi. Sivyo. Mwisho nikachukua ile ndogo, nikaileta mpaka kitandani kwake nikaiweka pembeni ya mto. Hii tunaiita Mzee. Aliitengeneza mwenyewe mwaka tuliooana, boksi la mbao za mkongo, spika ya redio ya marehemu baba yake. Akaushusha mkono, akaiwekea kiganja juu, akafumba macho. Nikashukuru Mungu, nikasema kumbe alikuwa anamtaka Mzee tu.

Uji vijiko tisa! Muuguzi aone. Bado.

Oktoba 9

Ameelekeza kona tena. Nimelia uani.

Oktoba 12

Korosho zimeanza kudondoka vizuri. Gift na mumewe wanaokota shamba la kwetu pamoja na lao. Mtoto wa Gift, mjukuu wetu Winfrida, anakwenda na ndoo ya mabibo kichwani anaimba. Tarehe 21 Desemba anatolewa mwali baada ya unyago, shule zikishafungwa. Gift alipotolewa, babake alimpigia gitaa kuanzia mchana mpaka jua likazama, na siku ile ile Winfrida alipozaliwa aliapa kwamba na huyu atampigia. Nyumba nzima inalijua hilo. Daktari aliniambia mgonjwa wa namna hii akipoteza hamu ndipo anapoondoka, akaniuliza mume wako anapenda nini. Sikuhitaji kufikiri.

Kwa hiyo nimejiwekea jambo moja tu. Vyombo hivi vifike tarehe 21 vikiwa vizima, bendi ipige, Baba Gift akae kwenye kiti mbele asikie. Hapo atataka kuishi. Mengine Mungu atajua.

Uji sita. Bado.

Oktoba 15

Nafuta makasha vumbi kila asubuhi. Vumbi la njano jepesi, lazidi kurudi. Nimemkumbuka Baba Gift na madaha yake. Siku akitoka kupulizia mikorosho alikuwa anaoga mara mbili, nguo za shamba zinaachwa nje, na gitaa haligusi mpaka kesho yake. Akisema salfa na waya hawapatani. Mimi nilikuwa nikimcheka mbele ya watu, nikisema mume wangu anamwogopa gitaa kuliko mkewe. Sasa hana hata mdomo wa kunijibu.

Oktoba 20

Leo amekuja Dadi, mpwa wake, mtoto wa wifi yangu Sijaona wa Nanganga. Mtu mzima wa miaka thelathini na nne, anapiga besi kwenye bendi, anaishi Mkomaindo kule Masasi na mkewe, kazi yake kufunga umeme majumbani. Amesalimia vizuri, shikamoo Mama Gift, nikaitikia marahaba. Amejaribu vyombo vyote. Vyote vimelia. Baba Gift amesikia besi akafungua macho, chozi likashuka upande mmoja. Uji vijiko kumi na kimoja leo.

Kabla ya kuondoka Dadi akasema anaomba avichukue vyombo akaviweke kwake, nyumba yake ina sakafu ya saruji na dari, mvua zikija hapa kwangu kunavuja. Tarehe 21 atavirudisha.

Nikamtazama. Sisi watu wa huku tunajua mambo yetu. Mali ya mjomba ni ya mpwa, si ya mke wala si ya mtoto. Hiyo ndiyo desturi, na siku Baba Gift akifumba macho, Sijaona na wanawe watakuja wahesabu hata vijiko. Sikatai desturi. Lakini mjomba hajafa, na mpwa ameshaleta kirikuu cha kuvibebea.

Nimemwambia vitakaa hapa hapa, anapoviona mwenyewe.

Oktoba 21

Baba Gift ameelekeza kona tangu asubuhi. Nilimuuliza, unataka Dadi avichukue? Akatikisa kichwa ndiyo. Nikamuuliza, avichukue kabisa viwe vyake? Akatikisa hapana. Kisha ndiyo. Kisha akapiga godoro kwa ngumi. Nimechoka.

Oktoba 26

Kliniki Masasi. Muuguzi amesoma daftari ukurasa kwa ukurasa huku anatabasamu, mpaka nikaona aibu. Ameniambia niendelee hivyo hivyo. Presha iko juu kidogo. Bado.

Novemba 2

Joto. Uji vijiko vinne.

Novemba 5

Vinne.

Novemba 9

Wifi Sijaona amekuja kukaa, eti anisaidie. Ameleta mbaazi na kuku mmoja. Anamwogesha kaka yake vizuri kuliko mimi, anamsemesha Kimakonde cha utotoni kwao, anamkuna mgongo. Anaangalia kila kitu. Jana nimemkuta amesimama mbele ya vyombo anavihesabu kwa kidole. Nimeandika.

Novemba 13

Baba Gift: kona. Kona. Kona.

Nimemwambia kwa hasira, unataka nini kwenye kona, Baba Gift, kuna shetani? Akanitazama kwa muda mrefu, kisha akatikisa kichwa, ndiyo. Nikatoka nje nikashona sare mbili za shule bila kusimama. Mshono umekwenda upande, nitafumua.

Novemba 19

Mvua!

Imeanza saa nane mchana, ya kwanza. Newala nzima imetoka na ndoo, beseni, sufuria, hata jaba la pombe. Mimi na wifi tumekinga chini ya bati mpaka vyombo vya kukingia vikaisha, tukacheka kama wasichana. Wiki nzima hatukuwa na maji ya kutosha. Nimemwogesha Baba Gift maji mengi, ameyafurahia. Ndani palivuja sehemu tatu, lakini si kwenye kona. Nimeshukuru jukwaa langu.

Uji saba. Bado.

Novemba 22

Mvua. Unyevu umepanda, ukuta unatoa jasho. Sebule ina harufu ya mayai viza, wifi anasema panya amekufa mahali. Tumetafuta, hatukumwona.

Novemba 25

Siku mbaya. Nitaandika yote.

Dadi amekuja kujaribu vyombo, maana umebaki mwezi. Amechomeka amplifaya ya besi, ikakoroma kama mtu mwenye mafua, ikanyamaza. Ya solo haikuwaka kabisa. Ya ridhim ikalia dakika mbili, ikatoa mlio wa kukwaruza, ikazima. Ya sauti imewaka taa, sauti hakuna. Zote nne. Mwezi mmoja tu nyuma zilikuwa zinalia.

Dadi alikaa chini sakafuni, bisibisi mkononi. Mimi ndiye niliyesema. Nilikumbuka kwamba mwezi uliopita yeye ndiye aliyefungua ya besi nyuma, akasema anakaza waya. Nikaunganisha. Ameharibu ili nikubali avichukue. Ameharibu ili tarehe 21 ipite, mzee avunjike moyo, aondoke, arithi. Akili yangu ilikimbia hivyo kwa dakika moja na kila kitu kikakaa sawa.

Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Mama yake, Sijaona, alikuwa ameshika kikombe cha uji kando ya kitanda. Nikasema mbele yao wote:

"Mjomba wako hajafa, Dadi. Subiri basi afe, ndipo uje uchukue."

Dadi akainuka. Aliiweka bisibisi mezani polepole. Akaingia chumbani akapiga goti kwa mjomba wake, akamshika ule mkono wa kushoto, akatoka bila kuniangalia. Mama yake akaweka kikombe juu ya Mzee, akafunga kanga zake kwenye mfuko. Mlangoni akaniambia, "Mama Gift, miaka ishirini na nane nakuita wifi." Basi, akaondoka na mwanawe.

Nilipoingia chumbani Baba Gift alikuwa amegeukia ukutani. Sijui amegeukaje peke yake.

Uji: hakuna.

Novemba 26

Hakuna.

Novemba 27

Maji vijiko viwili. Hakuna kingine.

Novemba 29

Gift amekuja, amembembeleza babake, amekula vijiko viwili. Ameniuliza ni kweli nilisema vile. Nikasema kweli. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Desemba 2

Haelekezi tena kona. Mkono wa kushoto nao umelala juu ya shuka kama wa kulia. Miezi miwili nimemwomba Mungu auteremshe mkono ule, sasa namwomba aunyanyue.

Uji vitatu.

Desemba 4

Vitatu.

Desemba 5

Kimoja. Nilipomfuta mdomo nikaona mifupa ya taya. Zimebaki siku kumi na sita. Hata vyombo vikipona, sijui kama yeye atafika. Ninashona gauni la mwali, kitenge cha Winfrida, machozi yanaanguka kwenye mshono. Sina pa kwenda kusema, nasema hapa.

Desemba 8

Nimekwenda mjini kumwita Mujibu, fundi redio wa karibu na stendi. Mzee wa makamo, mpole, anavaa miwani miwili mmoja juu ya mwingine. Alifungua ya solo pale sebuleni nikiwa nimemshikia tochi. Akachungulia, akavuta pumzi. Akaniita nitazame.

Nyaya za shaba ndani zilikuwa nyeusi. Si kuungua, nyeusi tu, kama zimepakwa masizi. Akazikwangua kwa ukucha, zikatoka unga. Akafungua ya besi, hivyo hivyo. Akafungua kasha la gitaa, nyuzi nyeusi. Akasema hajawahi kuona vyombo vilivyoliwa hivi, labda redio moja ya mkulima fulani iliyokuwa inakaa stoo ya dawa. Akaniuliza:

"Mama, humu ndani mnaweka nini?"

Nikamjibu, "Hakuna kitu."

Nilijibu upesi mno. Mkeka ulikuwa umefunika ubao, ubao umefunika mifuko, yeye hakuona. Akafunga vifaa vyake, akasema bodi zote zinahitaji kubadilishwa na vipuri haviwezi kupatikana kabla ya mwaka mpya. Akaniaga kwa heshima, akaenda.

Nimeandika uongo wangu ili muuguzi ausome. Nimeona aibu kumwambia mtu nisiyemjua. Nitamwambiaje ninayemjua?

Desemba 9

Uji kimoja.

Leo baada ya kumbadilisha shuka nilichoka, nikajilaza kando yake. Sijalala kwenye kitanda hicho tangu augue, mimi nalala mkekani. Niliweka kichwa kwenye mto wake, nikatazama mlangoni kama anavyotazama yeye.

Ukisimama mlangoni, kwenye ile kona unaona amplifaya, makasha na mkeka wa rangi. Ukilala pale alipolala, macho yanapita chini. Mkeka hauonekani. Unaona ukingo wa ubao, na chini ya ubao, mifuko ya salfa, minane, maandishi yake yanakutazama, mmoja umepasuka na unga wa njano umemwagika mpaka miguuni mwa kasha la besi. Ndicho alichokuwa anakitazama tangu Septemba, kila siku, mchana kutwa, na hakuna njia ya kukisema isipokuwa kidole kimoja.

Salfa na waya hawapatani. Alinieleza miaka yote na mimi nilimcheka. Halafu nikachukua salfa nikailalisha chini ya vyombo vyake, nikaifungia ndani pamoja na unyevu, nikajisifu kwa jirani. Aliponyoosha mkono nikahamisha makasha. Nilipomuuliza kama kuna shetani kwenye kona, akaniambia ndiyo, nami nikaenda kushona. Na nilipomuuliza kama anataka Dadi avichukue, alisema ndiyo, avitoe hapo, tu.

Nikainuka. Sikumwita mtu. Nimeshusha amplifaya nne peke yangu, za kubebwa na wanaume wawili, nikatoa ubao, nikaburuta mifuko yote minane nje mpaka mwisho wa uwanja. Nguo zimegeuka njano, macho yananiwasha. Nikarudi nikasimama mlangoni, nikamwambia, Baba Gift, nimeitoa. Ni mimi niliyeiweka, si Dadi. Ni mimi.

Alinitazama. Akafumba macho. Sikuona hasira wala msamaha, niliona mtu aliyechoka.

Desemba 10

Hakula.

Desemba 11

Nimemwacha Baba Gift na Gift, nimepanda gari la asubuhi kwenda Masasi. Nimeshuka Mkomaindo nikauliza mpaka nikafika kwa Dadi. Mama yake pia alikuwepo, ameketi mkekani anachambua mbaazi. Walinikaribisha. Mke wa Dadi akaleta maji. Hakuna aliyeniuliza nimefuata nini.

Nilitoa ile bisibisi kwenye mfuko wa kanga, nikaiweka chini mbele ya Dadi. Nikasema kila kitu, mifuko, ubao, mkeka, fundi Mujibu, uongo. Nilisema nikiwa nimepiga magoti, sikusimama. Sijaona aliendelea kuchambua mbaazi, ila nilimwona anaweka nzuri na mbaya kwenye ungo mmoja.

Dadi akaiokota bisibisi. Kisha akasema:

"Ungeninyima vyombo tu, Mama Gift. Lile neno hukupaswa kulisema akiwa anasikia."

Nikasema najua.

Akanieleza kwamba bendi imekubali kazi nyingine tarehe hiyo hiyo ya 21, huku huku Masasi, kwa vyombo vya kuazima, na jina jipya. Wenzake hawakuweza kungoja. Nikamwomba yeye aje, hata mwenyewe, hata bila chombo. Hakuniahidi. Amenisindikiza mpaka barabarani, amenisimamishia gari, amenifungia mlango. Adabu yote ilikuwepo na ahadi haikuwepo.

Desemba 14

Uji viwili. Mvua.

Desemba 15

Viwili.

Desemba 17

Kimoja. Gift anauliza kama tuahirishe. Nimemwambia mwali haahirishwi, na babake pia hawezi kungoja.

Desemba 19

Hakuna. Amenishika kidole kidogo, muda mfupi, kisha akaniachia. Nahisi ameniaga. Kama ameniaga, basi nimemuua mimi, kwa usafi wangu na ukali wangu, na hilo nitaishi nalo peke yangu.

Desemba 21

Nina mikono miwili na yote bado ina tope. Naandika vibaya.

Mwali wetu ametolewa mchana, jua kali baada ya mvua. Wanawake wa ngoma wamekuja na ngoma zao, uwanja umejaa. Winfrida alikuwa mzuri, amejipaka mafuta anang'aa, gauni limemkaa, ule mshono wa machozi hauonekani. Kila mtu alikuwa anatazama kiti cha babu yake kilichowekwa mbele, kitupu. Yeye alikuwa ndani, amegeukia ukutani.

Saa tisa hivi pikipiki imesimama. Dadi, peke yake, kasha moja mgongoni. Nyuma yake bodaboda nyingine, mama yake. Dadi ameiacha kazi ya Masasi bila mpiga besi. Sijaona alinipita akasema, "Wifi, maji ya kunywa yapo?" Nikamwambia yapo. Nikamletea, nikashindwa kumtazama.

Dadi aliingia moja kwa moja chumbani. Kasha lilikuwa la gitaa la solo la mjomba wake, alilipata kwa mkono wa Gift wiki ile niliyokwenda kwake, bila mimi kujua, akalisafisha, akaliwekea nyuzi mpya. Akaniuliza amplifaya ipi imebaki. Nikamwambia hakuna, zote nne zimekufa. Akasema, zilikuwa tano.

Mzee. Mzee alikuwa pembeni ya mto tangu Oktoba, amebeba vikombe vya uji na vidonge vya presha, nimemwanikia hata taulo. Alikuwa chumba kingine, mbali na ile kona, na hapakuwa na salfa chini yake. Dadi akaondoa vikombe. Akachomeka. Mzee akaguna, akanyamaza, kisha ukatoka ule mlio wake mdogo wa kungoja, ambao miaka yote nilikuwa naulalamikia kwamba unaniumiza kichwa.

Baba Gift akageuka kutoka ukutani.

Tulimbeba watatu mpaka kwenye kiti chake uwanjani, Mzee akafuata na waya mrefu. Dadi akavuta kigoda akakaa upande wa kulia wa mjomba wake, upande uliokufa. Akamlazia mjomba gitaa mapajani. Sikuelewa anataka kufanya nini. Akachukua mkono wa kushoto wa mjomba, akauzungusha kwenye shingo ya gitaa, akauachia. Kisha yeye akaweka mkono wake wa kulia juu ya nyuzi.

Mkono uliokuwa ukielekeza kona miezi miwili ulikuwa mkono unaojua nyimbo. Ule wa kulia ulikuwa unakwangua nyuzi tu. Vidole vilitafuta, vikapotea, vikatafuta. Dadi akapiga uzi mmoja akangoja. Mjomba akahamisha kidole. Akapiga tena. Kisha vidole vile vikaanza kutembea vyenyewe, taratibu, na mpwa akawa anafuata, anatazama vidole asiangalie watu, na wimbo ukatoka. Ule ule aliompigia Gift. Ulikosea mahali, ukarudi, ukaendelea. Wanawake wa ngoma wakaupokea kwa chini. Winfrida akaja mbele ya babu yake akacheza ameinamisha macho.

Ni wimbo mmoja tu. Kisha mkono ukaanguka.

Sijaona alinisogelea akanishika bega. Nikakaa chini pale pale kwenye tope na gauni langu la sherehe.

Desemba 22

Asubuhi Baba Gift ameelekeza kona tena. Kona ni tupu, nimeifagia mara nne na kuimwagia maji. Sikumuuliza kitu. Nimejilaza kwanza kando yake, kichwa kwenye mto wake, nikatazama anapotazama. Kisha nikainuka nikambeba Mzee, nikamweka pale kwenye kona, juu ya matofali mawili. Akashusha mkono.

Dadi amesema atakuja kila Jumamosi. Amplifaya nne amezichukua kwake Mkomaindo, huenda moja itapona, hajui. Sikumsindikiza kwa maneno, nimemfungia mihogo.

Kwa muuguzi: uji vijiko kumi na viwili. Dawa zote. Mkono wa kulia: bado. Mkono wa kushoto hukuniagiza kuuandika, lakini naandika: vidole vitatu vimetoka malengelenge.